Mikono inasahau: kwa nini mkunga wa miaka kumi kazini bado anafanya mazoezi kwa mdoli

Shangazi yangu aliniuliza siku moja, tena mbele ya watu, "Sasa mwanangu, umesoma miaka mitatu, umepewa leseni, umezalisha watoto mpaka hesabu imekupotea, leo unaniambia mnafundishwa kuzalisha kwa mdoli? Kwani mwanzo mlikuwa mnatuzalisha kwa kubahatisha?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila lile swali sio la kijinga hata kidogo, na jibu lake ni refu kuliko nilivyoweza kulitoa pale uani tukiwa tunamenya vitunguu vya shughuli. Basi nalitoa sasa.

Tuanze na nani ni nani, mana mgonjwa akiingia leba wote kwake ni manesi. Kwa Tanzania kuna muuguzi mkunga, huyu kasoma astashahada miaka miwili au stashahada mitatu au digrii kabisa, kasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ana leseni na anawajibika nayo. Alafu kuna mhudumu wa afya, wengi bado tunamwita atendanti, kozi yake ni fupi, kazi yake ni kusafisha, kuandaa vifaa, kupeleka sampuli maabara, kumshika mama mkono anapotembea na kumsaidia mkunga kwa lolote atakaloagizwa. Kwenye makaratasi hazalishi. Ila nenda zahanati ya kijijini yenye wafanyakazi watatu, mmoja kaenda semina, mwingine yuko likizo ya uzazi, wa tatu yuko na mgonjwa wa malaria chumba cha pili, alafu mama anaingia kichwa cha mtoto kinaonekana. Pale anayepokea mtoto ni yule aliyesimama karibu, na mara nyingi aliyesimama karibu ni atendanti mwenye fagio mkononi.

Na nyuma ya hao wote kuna mkunga wa jadi, bibi zetu hao. Bibi hakuwa na kitabu lakini mafunzo yake yote yalikuwa ya vitendo, alikaa pembeni ya mama yake miaka, akashika taa, akachemsha maji, akaambiwa weka mkono hapa, unasikia? sasa weka hapa. Nalitaja hili kwa sababu watu wanadhani mafunzo ya vitendo ni kitu kipya kimekuja na wafadhili. Hapana, kilichokuja kipya ni shule, iliyoanza na kitabu na mtihani na kuuacha mkono uje mwishoni, ukiwa na bahati, kama wodini wanafunzi hamko kumi na wanne mnaomzunguka mama mmoja.

Sasa turudi kwa shangazi. Yeye anapima uzoefu wangu kwa idadi ya watoto niliowapokea, na hapo ndipo hesabu inapomdanganya, mana mtoto anayezaliwa akalia vizuri hanifundishi chochote kuhusu yule ambaye hatalia. Kati ya watoto 100, takriban 85 wanaanza kupumua wenyewe, kama 10 wanaanza ukishawakausha vizuri na kuwasugua mgongo, na kama 5 hivi wanahitaji kupewa hewa kwa ambu, kile kimfuko cha kubinya chenye barakoa ndogo mbele. Chukua zahanati inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi, ina wafanyakazi watatu wanaopokezana zamu. Watoto wa kuhitaji ambu pale ni kama 6 kwa mwaka mzima. Gawa kwa watatu. Kila mmoja anakutana na mtoto wa hivyo mara 2 kwa mwaka, na hajui ni lini, inaweza ikawa Januari na Novemba. Wewe ungepanda basi la dereva anayekanyaga breki mara mbili kwa mwaka?

Na hizo mara mbili zikifika hazikupi nafasi ya kufikiri. Kuna kitu tunakiita dakika ya dhahabu, yaani ndani ya dakika moja tangu atoke mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameshaanza kupewa hewa. Sababu yake ndiyo hii. Mtoto aliyekosa hewa tumboni au njiani kwanza anahema kwa kasi, kisha anaacha. Kama bado yuko kwenye kuacha huko kwa mara ya kwanza, ukimkausha na kumsugua anashtuka anaanza kupumua. Akichelewa zaidi anahema-hema tena kidogo kisha anaacha kwa mara ya pili, na hapa hata umsugue mpaka kesho hapumui, mpaka hewa iingizwe kwenye mapafu na mtu. Shida ni kwamba kwa macho hao watoto wawili wanafanana, wote wamelegea, wote kimya. Kwa hiyo huna muda wa kukaa unachunguza huyu ni yupi. Watafiti pale hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipopiga hesabu waligundua kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa zinaongeza hatari ya kufa kwa asilimia 16. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa ya saizi yake kwenye droo.

Kuna jambo lingine watu wa nje hawalijui na ndilo linaniuma zaidi. Kwenye rejista tuna safu ya watoto waliozaliwa wafu wakiwa bado wabichi, yaani ngozi haijachubuka, maana yake walifariki muda mfupi kabla. Baadhi yao hawakuwa wafu. Walikuwa na mapigo ya moyo, ila hawapumui, hawajikunji, wamepauka, na mtu aliyewapokea hakuzoea kushika kitovu kusikia kama kinadunda, akaandika amezaliwa mfu. Ndio maana mafunzo ya kumpumulisha mtoto yakifanywa vizuri hata hiyo safu ya wafu inapungua, jambo ambalo mwanzoni linaonekana kama miujiza, kumbe ni watu wamejifunza kuangalia.

Kushika ambu kunaonekana rahisi mpaka uishike. Kichwa cha mtoto kinainuliwa kidogo tu, kama mtu anayenusa chakula jikoni, ukikiinua sana umefunga njia ya hewa, ukikiacha kimeinama umeifunga pia. Barakoa ifunike pua na mdomo isifike machoni. Vidole viwili vinaibana, vitatu vinaishika taya, na hapo mtoto ameloa, barakoa inateleza, mkono wako nao unatetemeka. Unabinya kama mara 40 kwa dakika, tunahesabu kwa sauti "pumua, mbili, tatu, pumua, mbili, tatu", na jicho halitoki kifuani. Kifua kisipopanda hujampa kitu, hata ubinye mara elfu, hewa inatokea pembeni. Mimi nikiwa mwanafunzi nilibinya kwa bidii zote, jasho linanitoka, nikiamini naokoa maisha, mpaka sista mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniondoa mkono taratibu bila kusema neno, akairekebisha taya kwa kidole kimoja, kifua kikapanda. Kidole kimoja! Nilikuwa nimejibu swali lile lile kwenye mtihani nikapata maksi zote.

Hapo ndipo mdoli anapoingia. Wa kwetu tumempa jina Sikujua, aliyelianzisha simjui. Ni wa plastiki laini, unamjaza maji ya uvuguvugu anafika kama kilo mbili, akiwa mkononi analegea kabisa kama mtoto aliyechoka, kichwa kinaanguka usipokishika. Ana vipira vidogo vyenye mirija ambavyo mfundishaji anavibinya kwa siri, kimoja analia, kingine anapumua, kingine kitovu kinadunda. Kifua chake kinapanda pale tu hewa inapoingia sawasawa, hakihongeki hicho. Na kizuri kuliko vyote, Sikujua hafi. Unaweza kukosea mbele ya wenzako, ukarudia, ukakosea tena, hakuna mama anayelia chumba cha pili.

Wanaodhani haya mambo ya midoli yameanza juzi, Ufaransa mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa kazi mkunga mmoja, Madame du Coudray, azunguke mikoani kufundisha wanawake wa vijijini kuzalisha, na yule mama alitembea na mdoli aliojishonea kwa vitambaa na ngozi, nyonga ya mama na mtoto ndani yake, akazunguka nao zaidi ya miaka 20. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma. Aliona mapema kwamba mkono unafundishwa kwa mkono.

Lakini kuwa na mdoli ni jambo moja, kumtumia vizuri ni jambo lingine, na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mfano ninaoupenda uko kwetu Tanzania, ni ile Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu mkoani Manyara, ilianzishwa 1955 na wamisheni wa Norwe. Mwaka 2009 waliweka wasaidizi wa utafiti pale leba, usiku na mchana, wana saa za kuhesabu sekunde, wanaandika kila mtoto katoka lini, kapumua lini, ambu imewekwa lini. Mwaka 2010 wakaleta mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, yale yaliyotengenezwa na madaktari wa watoto wa Marekani na washirika wao kwa ajili ya nchi kama zetu. Walipowapima watumishi kwenye mdoli, kabla ya mafunzo waliofaulu zoezi la kumpumulisha walikuwa asilimia 18, baadaye wakafika 74. Shangwe. Cheti, picha ya pamoja, kila mtu kaondoka na faili lake.

Alafu wakaangalia leba yenyewe, watoto wa kweli. Hakuna kilichoboreka. Idadi ya waliopewa hewa ni ile ile, na kusugua kulipungua badala ya kuongezeka. Watu wale wale walioweza mbele ya mdoli, wakirudi kitandani kwa mama walifanya vile walivyozoea tangu zamani. Wangekuwa wengine wangeficha hayo matokeo, wao wakayachapisha kweupe, na ndiyo kitu chenye faida kuliko yote kwenye hadithi hii, mana kila mwaka nchi nzima tunafanya semina za siku moja na mbili na tunapima mafanikio kwa idadi ya waliohudhuria.

Walichobadilisha kuanzia 2011 ni kidogo mpaka kinachekesha. Mdoli akahamia leba, akawekwa pale pale kwenye kazi, na watumishi wakaanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki, na mara moja kwa mwezi kipindi kirefu cha dakika 40 hivi, kikiongozwa na wenzao wa hapo hapo sio mgeni kutoka mjini. Na vifaa vya kumpumulisha mtoto vikawa vinakaguliwa kila siku. Basi. Mwaka mmoja baadaye vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000. Waliosuguliwa wakaongezeka, na waliohitaji ambu wakapungua kutoka asilimia 7.3 mpaka 5.9, yaani watoto wengi zaidi walishtuliwa mapema kabla hawajafika kule kwenye kuacha kupumua kwa mara ya pili. Ni hospitali moja na ni hesabu ya kabla na baada, kwa hiyo mtu mwenye shaka za kisayansi anaweza kuuliza mengine yaliyobadilika katikati ni yapi, na ana haki. Ila hospitali 8 za Tanzania zilizojaribu mafunzo hayo hayo kipindi kile nazo ziliona vifo vya siku ya kwanza vikishuka kwa asilimia 47 na wafu wabichi kwa 24, na mimi niliyesimama leba sihitaji kushawishiwa sana kwamba dakika tano kila wiki zinashinda siku nzima kila baada ya miaka miwili. Jaribu mwenyewe kusuka nywele kwa staili uliyofundishwa siku moja mwaka juzi.

Upande wa mama ni damu. Sababu kubwa ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni mfuko wa uzazi kulegea, karibu mara 7 katika 10, zinazobaki ni kuchanika, kipande cha kondo kubaki ndani, na damu kukataa kuganda. Mfuko unatakiwa mtoto na kondo vikishatoka ujikaze uwe mgumu kama embe bichi, ukiushika juu ya tumbo ukakuta uko kama embe lililoiva likapitiliza, mishipa yote iliyokuwa inalisha kondo iko wazi na damu inamwagika. Ndiyo maana ndani ya dakika moja mtoto akitoka, ukishahakikisha hakuna pacha ndani, mama anachomwa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko, yuniti 10 kwenye msuli, kondo linatolewa kwa kuvuta kitovu taratibu huku mkono mwingine umekinga mfuko kwa juu, kisha unaangalia kama umekaza. Sasa nieleze kwa maandishi "taratibu" ni kiasi gani? Haiwezekani. Ukivuta kwa pupa unaweza kukata kitovu au kuugeuza mfuko nje ndani, na huo ni msiba. Taratibu inaingia mkononi kwa kuvuta, mkono wa mwenzako mzoefu ukiwa juu ya wako.

Kwa hili mdoli wake ni wa aina nyingine, huo unavaliwa. Mfundishaji anaufunga kiunoni na mapajani, anakuwa yeye ndiye mama, ana mfuko wa uzazi wa plastiki anaoweza kuulegeza au kuukaza kwa mkono wake kwa ndani, na tanki la maji mekundu analoliruhusu kidogo kidogo au kwa nguvu. Na kwa sababu anayeuvaa ni mtu, anaongea! Analalamika, anasema "nesi nasikia kizunguzungu", anakushika nguo, anamtaja mume wake. Mtu aliyekuwa anajibu vizuri darasani unamwona anasahau hata dripu iko wapi. Tunacheka, ila baada ya kucheka tunarudia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji mdoli. Unachukua kanga, unamwagia maji yenye rangi nyekundu mililita 500 ulizopima jikoni, unaitupa kwenye beseni pamoja na pamba na magazeti, alafu unauliza, hii ni kiasi gani? Wengi watakwambia 200, 250. Jicho la mtu linapunguza damu, na linapunguza zaidi damu ikiwa nyingi. Kanga ninaitaja kwa sababu maalumu, Kigoma wakunga wa jadi waliwahi kufundishwa kuitumia kama kipimo, kanga mbili zikiloa chapachapa ujue imefika nusu lita na hiyo ni hatari, chukua hatua, na utafiti wake ulichapishwa 2005. Hakuna aliyelazimika kujua mililita ni nini. Kwenye hospitali sasa kuna shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama lenye mfuko wenye mistari, damu inajikusanya unasoma kama unavyosoma jagi. Jaribio kubwa la mwaka 2023 lililofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80 na akina mama zaidi ya 200,000, lilitumia shuka hilo pamoja na kufanya matibabu yote kwa mpigo, kuchua mfuko, oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua imetokea wapi, badala ya kujaribu moja ukasubiri ndio ujaribu la pili. Kutokwa damu kwa kiwango cha kutisha, kufanyiwa oparesheni kwa ajili ya damu au kufa kulipungua kwa asilimia 60. Na kabla ya hapo kwenye huduma ya kawaida karibu nusu ya waliotokwa damu nyingi hawakugunduliwa, sio kwamba hawakutibiwa vizuri, hawakugunduliwa.

Ikishindikana kwa dawa kuna puto la kondomu, ujanja ulioanzishwa Bangladesh na daktari Sayeba Akhter, kondomu inafungwa kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, inaingizwa kwenye mfuko wa uzazi na kujazwa maji ya dripu mpaka inabana damu. Vifaa vyake ni bei ya chipsi. Lakini ufunge uzi vibaya maji yanavuja, na fundo hilo ukilifunga mara ya kwanza maishani mwako ukiwa na glavu zenye damu utaniambia.

Atendanti sasa. Kwa muda mrefu mafunzo yalikuwa ya wenye vyeti, atendanti anaitwa kuja kupanga viti. Ni kosa kubwa, na silisemi kwa huruma. Kwenye dharura mkunga ana mikono miwili, mmoja uko kwenye mfuko wa uzazi na hauruhusiwi kutoka, wa pili unatafuta mshipa. Mtu wa kuleta sindano, kuangalia saa, kumfunika mtoto, kumpigia daktari simu ni atendanti, na kama hajui trei ya dharura ina nini na iko wapi mmeshachelewa. Kwa hiyo tunamfundisha kazi yake halisi, kumkausha mtoto vizuri na kubadilisha kitambaa kilicholoa, kuchua tumbo akiambiwa, kusoma shuka, kushika ambu pia pale ambapo hakuna mwingine. Hatumfanyi mkunga. Mipaka ya leseni iko pale pale, uchunguzi wa njia ya uzazi na kuchoma dawa sio vyake. Ila kumwambia mtu aliyebaki peke yake na mtoto asiyepumua kwamba hiyo sio kazi yako, hapana.

Na kuna kuongea. Hili hakuna aliyetufundisha chuoni. Dharura ikitokea mtu anapiga kelele "leteni oksitosini!" watu wanne wanakimbia, hakuna anayerudi nayo, kila mmoja kadhani mwenzake kaenda, manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo kisicho na nahodha nacho vile vile. Kwenye mazoezi tunalazimishana kutaja jina, "Mama Juma, oksitosini yuniti kumi", na Mama Juma ajibu "oksitosini kumi, naleta", akirudi aseme "oksitosini kumi hii hapa". Inaonekana kama mchezo wa kuigiza wa shule ya msingi. Kigumu zaidi ni kumfanya atendanti au mwanafunzi amwambie mkubwa wake "sista, damu bado inatoka". Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa, tena mbele ya mgonjwa. Nimeona mtu ameona damu, akaitazama, akamtazama sista, akanyamaza. Tulichofanya ni kumpa neno la adabu la kutumia, "sista, naomba tuangalie hapa", na mkubwa akisikia sentensi hiyo lazima aangalie, hana ruhusa ya kuuliza wewe nani. Kwenye mazoezi tunamtegea kwa makusudi, tunamwambia sista akosee, tuone kama mdogo atasema.

Kujifunza kupima njia, yaani mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani, kunahitaji aya yake ila nitapita haraka. Unapima kwa vidole bila kuona, na wanafunzi wanabahatisha, huyu anasema senti (sentimita) nne yule sita kwa mama yule yule, na kila kipimo cha ziada ni maumivu kwa mama. Kata miduara kwenye boksi gumu, ifiche ndani ya soksi, mtu aingize vidole aseme. Kizibo cha soda ni kama senti tatu, anzia hapo. Bei yake ni bure na hakuna mama anayeumizwa.

Kuhusu ukubwa wa jambo hili, kwa Tanzania takwimu za 2022 zinaonesha asilimia 81 ya watoto wanazaliwa kwenye vituo, mwaka 2015-16 ilikuwa 63, na vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Akina mama wameitikia, wamekuja. Zamani tuliweza kusema alichelewa nyumbani, sasa yuko kwenye kitanda chetu. Mpango uliofuata njia ile ya Haydom, mazoezi mafupi ya mara kwa mara pamoja na vifaa bora na mabingwa wa ndani wa kila kituo wanaoongoza mazoezi, uliwekwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyotoka 2025 kwa kufuatilia karibu wajawazito 281,000 yalionesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 mpaka 12.5 kwa 1,000. Mikoa haikufanana, kwingine ilishuka sana na kwingine sivyo, na hilo halinishangazi, mdoli hazalishi damu ya kuongezwa wala haleti gari la wagonjwa. Mtu akijua kila kitu na oksitosini imekaa kwenye kabati la joto miezi mitatu, inaweza kuwa imeshapoteza nguvu, ni kama amechoma maji.

Kinachoua mazoezi haya ninachokiona mimi ni vitu vya kawaida kabisa. Mdoli anafungiwa kabatini kwa sababu ni wa gharama na mwenye ufunguo yuko zamu ya mchana. Aliyefundishwa kuongoza anahamishwa. Watu wamezoea semina yenye posho na chai ya saa nne, mazoezi ya dakika tano yasiyo na posho yanaonekana kama adhabu. Na aibu, hasa kwa sisi wa zamani, kukosea mbele ya binti aliyemaliza chuo mwaka jana. Dawa yake tuliyoipata ni mkubwa aanze kukosea yeye, kwa sauti, wa kwanza. Baada ya zoezi hatuulizi nani kakosea, tunauliza umeona nini, ulikuwa unafikiria nini, tukirudia tubadilishe kitu gani kimoja. Kimoja tu, ukitaja vitano hakuna kitakachobaki.

Kwetu tunafanya wakati wa kupokezana zamu, saa moja na nusu asubuhi, mana ndio muda ambao zamu mbili ziko pamoja na wa usiku bado hawajavua sare. Anayeanza anakagua ambu, anaziba mdomo wa barakoa kwa kiganja na kubinya asikie kama hewa inasukuma, kisha Sikujua anawekwa mezani na mmoja anatajwa jina bila taarifa. Ukimaliza unatakiwa kummwaga maji yote na kumtundika akauke, usipofanya hivyo ndani anaota ukungu na ananuka. Wiki iliyopita nilimkuta bado kajaa maji toka asubuhi, kalala kifudifudi pembeni ya beseni, nikaanza kugomba nani kamwacha hivi, atendanti akanijibu kwa upole, "Sista, tulikuwa katikati ya zoezi yule mama wa mapacha akaingia."